Silibwet na Swali la Kisiki

Ugonjwa wenyewe huanza na nyama. Mtu ameketi nyumbani kwake Silibwet, Bomet, jioni, kipande kinamkwama kifuani, anakunywa maji kidogo, kinashuka, mazungumzo yanaendelea. Hamwambii mtu. Baada ya wiki kadhaa ugali nao unaanza kukataa, anaushusha kwa maziwa ya mursik. Kisha anabaki na uji, kisha chai, na siku moja hata mate yake mwenyewe anayatema kwenye kopo kwa sababu hayana pa kupita. Hapo ndipo watoto wanapomtafutia gari. Kutoka soko la Silibwet hadi lango la Hospitali ya Tenwek si mbali, bodaboda hufika kabla abiria hajamaliza hadithi yake, lakini safari hiyo fupi humchukua mgonjwa miezi mitatu, minne, hata sita. Umio ni mfereji laini unaotanuka. Huvumilia kubanwa hadi zaidi ya nusu ya njia yake izibwe, na kufikia hapo uvimbe umeshajenga.

Nataka kusimulia namna ugonjwa huu wa Bomet, saratani ya umio, ulivyokutana na wazo lililokulia mbali sana na mashamba ya chai: kwamba ndani ya uvimbe wa saratani zipo seli chache zinazoubeba wote, kama kisiki kinavyoubeba mchai, na dawa ikizikosa hizo, kila kitu huchipuka upya. Wataalamu huziita seli shina za saratani. Wazo hilo limepanda na kushuka, limetajirisha maabara na kutia kampuni hasara, na hadi sasa watu wanabishana juu yake. Lakini limebadilisha maana ya neno "kupona", na hilo linamhusu mtu wa Silibwet kuliko anavyodhani.

Tenwek ilianza kama kituo cha wamishonari wa World Gospel Mission katika miaka ya 1930. Kwa zaidi ya miaka ishirini wauguzi ndio waliobeba mzigo. Daktari wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury kutoka Marekani, alifika 1959. Umeme wa kutegemewa ulikuja 1987, mtambo ulipofungwa kwenye maporomoko ya maji yaliyo jirani. Nayataja haya ili msomaji aone kwamba takwimu za saratani za sehemu hii hazikutoka katika taasisi kubwa yenye maabara saba. Zilitoka katika madaftari ya hospitali ya kijijini.

Na madaftari ya namna hiyo yamewahi kubadilisha elimu ya saratani duniani. Wakati Steury akizoea wodi zake, Kampala kulikuwa na daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mtu wa jicho moja aliyepoteza la pili utotoni. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, alioneshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, na leo unaitwa kwa jina lake. Oktoba 1961 alipanda gari kuukuu aina ya Ford pamoja na wenzake wawili, wakazunguka wiki kumi na maili 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali moja: mmeuona ugonjwa huu? Hakuwa na mashine. Alikuwa na picha mfukoni na masikio ya kusikiliza.

Njia ya kuziuliza hospitali ndogo ndiyo iliyoufichua umio. Mwaka 1969 Ahmed na Cook walichapisha hesabu ya saratani ya umio magharibi mwa Kenya, na 1971 Paula Cook na Burkitt mwenyewe wakatoa ramani ya saratani za Afrika. Ramani hiyo ilikuwa na jambo la ajabu: ugonjwa haukusambaa sawasawa. Sehemu moja wanaume wanakufa kwa kushindwa kumeza, ukisafiri kidogo tu unakuta daktari ambaye hajauona mwaka mzima. Baadaye wataalamu waliuchora ukanda wote, kuanzia Ethiopia, kupitia Bonde la Ufa la Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini. Duniani kuna maeneo mengine mawili yanayojulikana kwa ugonjwa huu, eneo la Linxian nchini China na jimbo la Golestan nchini Iran. Bomet imekaa katika orodha ambayo hakuna mji ungependa kuwamo.

Watoto wenye uvimbe wa Burkitt walileta fumbo jingine, na kwangu hilo ndilo lango la simulizi hii. Walipopewa dawa ya saiklofosfamaidi, uvimbe uliyeyuka kwa siku chache mbele ya macho ya mama zao. Wengine walirudi nyumbani, wakakua, wakawa watu wazima. Wengine walirudi Mulago baada ya miezi na uvimbe ule ule. Dawa moja, wodi moja, macho yale yale ya daktari yaliyoona taya ikirudi kuwa taya. Sasa huyu wa pili alibakiwa na nini ambacho yule wa kwanza hakubakiwa nacho?

Mwaka ule ule wa 1961 Nairobi nayo ilikuwa na lake. Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo katika hospitali tunayoiita leo Kenyatta, alikuwa akitibu saratani za watu wa nyanda za juu kwa naitrojeni mastadi, dawa iliyotokana na gesi ya vita. Dawa hiyo ilikuwa kali hata ikaua uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa. Yeye na wenzake, Clift na Duff, walifanya jambo ambalo watu wachache duniani walikuwa wamelijaribu: walimtoa mgonjwa uboho wake kwanza, wakauhifadhi, wakampa dozi kubwa, kisha wakamrudishia. Walichapisha kazi hiyo katika jarida la Lancet mwaka huo. Reginald Clift alihamia Seattle, akawa mmoja wa watu wa kundi lililojenga upandikizaji wa uboho duniani. Sijui kwa nini vitabu vyetu vya shule havimtaji hata kwa sentensi moja. Uboho uliorudishwa ulifanya kazi kwa sababu ndani yake zilikuwamo seli shina, lakini mwaka 1961 hakuna mtu Nairobi aliyeweza kukuonesha hata moja.

Aliyeweza kuzihesabu alikuwa Toronto. James Till, mwanafizikia, na Ernest McCulloch, daktari, waliwapiga panya mionzi hadi uboho wao ukafa, kisha wakawadunga uboho mzima wa panya wengine. Siku kama kumi baadaye McCulloch aliona vinundu kwenye wengu za panya wale. Alivihesabu, akakuta idadi ya vinundu inakwenda sambamba na kiasi cha uboho aliowadunga. Mwaka 1963, wakiwa na mwenzao Andrew Becker, walionesha kwamba kila kinundu kilitoka kwenye seli moja. Seli moja ilizaa damu ya aina zote na ikabakiza nyingine mfano wake. Hiyo ndiyo maana ya shina: huzaa wengine bila yenyewe kwisha.

Kutoka hapo swali lilikuwa linajitokeza lenyewe. Kama damu nzima ina shina, je, damu mbovu, yaani saratani ya damu au lukemia, nayo ina shina lake? Jibu lilichelewa miaka thelathini, kwa sababu seli za lukemia ya binadamu hazikukubali kuishi ndani ya panya wa kawaida. Walipopatikana panya wasio na kinga ya mwili, John Dick wa Toronto alifanya kilichokuwa kinasubiriwa. Mwaka 1994 yeye na Tsvee Lapidot walitangaza kwamba katika lukemia kali ya uboho, ni seli moja tu katika kila 250,000 iliyoweza kuuanzisha ugonjwa upya ndani ya panya. Mwaka 1997, pamoja na Dominique Bonnet, alionesha zinavyotambulika kwa alama zilizo juu ya ngozi ya seli. Mwaka 2003 kundi la Michael Clarke katika Chuo Kikuu cha Michigan lilihamishia wazo hilo kwenye uvimbe mgumu: seli 100 za saratani ya matiti zenye alama fulani zilitosha kuotesha uvimbe, ilhali makumi ya maelfu ya seli nyingine kutoka uvimbe ule ule yalishindwa.

Mkulima wa chai wa Kapkoros au Tirgaga, hapa Bomet, hahitaji mhadhara mrefu kulielewa hili. Ukichuna chai, umechukua majani mawili na chipukizi. Baada ya siku kumi hivi unarudi kuchuna tena. Kila miaka michache unaipogoa, unaikata hadi ibaki matawi makavu ya kusikitisha, na mgeni akipita atadhani shamba limekufa. Miezi michache baadaye ni kijani kitupu. Anayetaka kuiondoa chai huing'oa kisiki.

Dawa nyingi za saratani ni wachunaji hodari. Tibakemikali huua seli zinazogawanyika haraka, na mionzi hukata vinasaba vya seli zilizo katikati ya kazi. Seli shina za saratani mara nyingi hugawanyika polepole, nyingine hulala usingizi kwa miezi. Zina pampu za kuitapika dawa nje, na zina mafundi hodari wa kukarabati vinasaba vilivyokatwa. Kwa hiyo uvimbe unaweza kupungua kwa robo tatu kwenye picha, daktari akatabasamu, familia ikachinja mbuzi, na kisiki kikawa hakijaguswa. Tangu nilipolielewa hili, kila nikisikia mtu akisema "uvimbe umepungua" najikuta nauliza moyoni: umepungua wapi?

Turudi Tenwek. Huko swali la kisiki halikuwa na nafasi katika miaka ya 1990, kwa sababu waliofika walikuwa wamechelewa hata kwa mchunaji. Wachache walipasuliwa umio ukaondolewa. Kwa miaka mingi mashine za mionzi za umma zilikuwa Nairobi peke yake, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko maisha ya wengi waliopanga. Mtu asiyemeza hawezi kungoja. Hufa kwa njaa na kiu kabla saratani yenyewe haijammaliza.

Kuanzia 1999 daktari mpasuaji Russell White na wenzake walianza kuweka stenti: bomba la wavu wa chuma linaloingizwa likiwa limekunjwa, likifika mahali pake linajitanua na kuifungua njia. Hospitali za nchi tajiri hufanya kazi hiyo chini ya eksirei inayoonesha picha hai. Tenwek waliifanya kwa kamera ya koo na vipimo vya sentimita. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 900 waliowekewa stenti peke yake bila tiba nyingine, kazi iliyowashangaza waliodhani jambo hilo haliwezekani bila mashine ghali. Mgonjwa anaingia akiwa anatema mate, anatoka akinywa uji, na wengine hurudi kwenye ugali laini.

Stenti haiui hata seli moja ya saratani. Wauguzi walilijua hilo, wagonjwa wengi pia walilijua. Nilivyoisoma historia hii, hiyo ndiyo tiba ya kwanza ya umio pale Bomet iliyokuwa mkweli juu ya mipaka yake: iliahidi kumeza, ikatimiza kumeza.

Lakini madaftari yalionesha jambo lililowatoa madaktari usingizini. Mwaka 2002 White na wenzake waliandika katika Lancet kwamba saratani ya umio Bomet inawapata vijana. Ugonjwa ambao kwingineko ni wa wazee wa miaka 60 na 70, hapa uliwakuta watu wa miaka ya ishirini. Mwaka 2010 Sanford Dawsey wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, pamoja na watu wa Tenwek, walitoa taarifa ya wagonjwa 109 wa miaka 30 au chini yake. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Wengi wa waliohojiwa walikuwa na ndugu aliyeugua saratani.

Mtoto wa miaka 14 hajapata muda wa kuvuta sigara miaka arobaini. Ndipo kila mtu alipoanza kutafuta mshitakiwa, na wa kwanza kukamatwa akawa mursik. Ni rahisi kuona sababu: maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu, ndani yake mkaa wa mti wa senetwet, kinywaji cha Wakipsigis tangu enzi za mababu, kinachomwagwa midomoni mwa wanariadha wanaporudi na medali. Mwaka 2013 watafiti wa Finland walipima sampuli za mursik wakakuta pombe kidogo na asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba. Magazeti yakakimbia na habari hiyo. Nadhani yalikimbia mno. Asetaldehaidi iko pia kwenye chang'aa na busaa, kwa wingi zaidi ya anaokunywa bibi kwenye kikombe cha mursik, na moshi wa kuni jikoni unabeba kemikali za jamii ile ile ya masizi zinazopatikana kwenye sigara. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Moi, wakiongozwa na Diana Menya, pamoja na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, walipowalinganisha wagonjwa wa Eldoret na watu wazima wasio na ugonjwa huo, pombe ilijitokeza wazi, chai ya moto sana nayo ikajitokeza, hata hali ya meno ikawamo. Kibuyu kina kesi, lakini hakipaswi kusimama kizimbani peke yake.

Chai ndiyo inayoniuma. Mwaka 2016 shirika hilo la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya digrii 65 katika kundi la vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba husababisha saratani. Chai yenyewe haina kosa, kosa ni moto. Upande wa Kilimanjaro watafiti walipopima chai wakati watu wanaanza kuinywa, wastani ulizidi digrii 70. Anayetoka kuchuna kwenye ukungu wa asubuhi ya Silibwet na kupokea kikombe cha chai ya maziwa iliyochemka pamoja na majani hahitaji kupimwa, mvuke unajieleza. Sisi tunaokuza chai ya kuuza nje ndio tunaoinywa ikiwa bado inatokota.

Na hapa ndipo seli shina zinaporudi, safari hii zikiwa hazina hatia. Ngozi ya ndani ya umio imepangwa kwa safu. Seli za juu, zinazoguswa na chakula, zina siku chache za kuishi. Huanguka na kumezwa bila mtu kujua. Safu ya chini kabisa ndiyo mwenye nyumba: hugawanyika, husukuma watoto wake juu, yenyewe inabaki. Chai ya moto inapounguza juu, safu ya chini hulazimika kuongeza kazi ili kuziba. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea kunakili vinasaba. Kosa likitokea kwa seli ya juu, litaanguka nayo. Likitokea kwa ya chini, limepata makazi, na watoto wote watalirithi. Pombe, moshi na moto kwa namna moja au nyingine hugonga mlango huo huo wa chini.

Mwaka 2018 kundi la Cambridge, wakiwamo Iñigo Martincorena na Phil Jones, lilichunguza umio wa watu waliokufa bila saratani yoyote ya umio. Matokeo yaliwashtua wengi. Kufikia umri wa makamo, zaidi ya nusu ya ngozi ya umio ilikuwa imetwaliwa na koo za seli zenye vinasaba vilivyobadilika, zikisukumana kama mashamba yasiyo na mipaka. Mwaka uliofuata Seishi Ogawa wa Kyoto alithibitisha hali hiyo Japani, na kuonesha kwamba pombe na sigara huiongeza kasi. Ajabu zaidi, badiliko lililoenea kuliko yote, la kinasaba kiitwacho NOTCH1, lilionekana zaidi kwenye umio wenye afya kuliko kwenye saratani yenyewe. Mwaka 2021 majaribio ya panya huko Cambridge yalionesha kwamba baadhi ya koo hizo huzisukuma nje saratani changa kabla hazijashika. Kwa hiyo mabadiliko ya vinasaba peke yake hayatoshi kumhukumu mtu.

Ikiwa ugonjwa unakaa miaka mingi katika safu ya chini kabla ya kuziba njia, basi inawezekana kuutafuta kabla. Hilo ndilo alilolifanya Michael Mwachiro wa Tenwek na wenzake. Waliwaomba watu wa kawaida wa jirani, wasio na dalili yoyote, wakubali kamera ya koo. Kisha walinyunyizia umio iodini. Seli zenye afya zina akiba ya sukari ndani yake na iodini huzigeuza rangi ya kahawia; sehemu iliyoanza kuharibika imeshaitumia akiba hiyo, hubaki nyeupe kama doa la maziwa kwenye meza ya mbao. Katika watu 305, asilimia 14.4 walikutwa na mabadiliko yanayotangulia saratani. Matokeo yalichapishwa 2016. Isome tena tarakimu hiyo: kwenye matatu ya abiria kumi na wanne, ni kama wawili, na wote wamekula mchana bila shida.

Sehemu kama hizo, zikiwa bado juu juu, zinaweza kuondolewa kwa kamera hiyo hiyo, kwa kuzikata au kuziunguza. Huko ndiko kung'oa kisiki kikiwa bado mche.

Wakati Tenwek wakinyunyizia iodini, wenye nadharia ya kisiki huko ng'ambo walikuwa wanagombana. Mwaka 2008 Sean Morrison na Elsa Quintana wa Michigan walirudia jaribio la kupandikiza kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, wakitumia panya wenye kinga dhaifu zaidi. Badala ya seli moja katika laki kadhaa, walipata moja katika kila nne. Je, kisiki kinachokuwa robo ya shamba zima bado ni kisiki? Wapinzani walisema seli shina zilikuwa ndoto ya panya wagumu wa kupandikizwa. Mwaka 2012 makundi matatu, la Brussels, la Utrecht na la Dallas, yaliacha kupandikiza kabisa. Yalizitia rangi seli ndani ya uvimbe wa panya na kuzifuata zilivyozaana. Shina lilionekana. Kundi la Luis Parada wa Dallas liliona kwamba dawa inapoua seli zenye haraka kwenye uvimbe wa ubongo, zile zilizolala ndizo zilizoamka na kuujenga upya.

Kisha 2017 Toshiro Sato wa Tokyo aliziua seli shina za saratani ya utumbo mpana zote, kwa ufundi wa vinasaba. Uvimbe ulisimama kukua. Alipoacha, ukarudi: seli za kawaida za uvimbe zilikuwa zimegeuka zenyewe kuwa shina.

Aliyesoma kilimo cha chai asingeshangaa sana. Mababu waliipanda kwa mbegu. Tangu taasisi ya utafiti ya Kericho ilipoanza kusambaza chai bora kama namba 31/8, mche hutokana na jani moja lenye kipande kidogo cha kijiti na jicho lake. Unalichomeka kwenye mfuko wa udongo, unalifunika kivuli, na jani hilo linatoa mizizi na kuwa mchai mzima, wenye kisiki chake. Saratani nyingine ni za kisiki, nyingine ni za jani. Lukemia ya John Dick ni ya kisiki. Melanoma ya Morrison inaelekea kuwa ya jani. Umio uko wapi? Mwaka 2013 watafiti wa Hong Kong walizitambua seli za saratani ya umio zenye alama ya CD90 zilizoweza kuanzisha uvimbe, na wengine China na Japani wametaja alama za CD44 na ALDH1. Karibu yote hayo yametoka kwenye uvimbe wa watu wa Asia.

Upande wa dawa hesabu ni ya kunyenyekeza. Napabucasini, iliyotangazwa kwa shangwe kama dawa ya kuua seli shina, ilishindwa katika majaribio makubwa ya saratani ya tumbo, ya utumbo mpana na ya kongosho. Ushindi wa kweli ulitoka kwenye damu. Shanghai, mwaka 1985, Wang Zhenyi alimpa mtoto mwenye aina moja ya lukemia dawa ya jamii ya vitamini A. Badala ya kuua seli changa, iliziamuru zikomae na kufa kwa uzee. Leo wengi wa wagonjwa wa aina hiyo wanapona. Na imatinibi, maarufu kwa jina la Glivec, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa lukemia sugu ya uboho. Wakenya waliipata bure kupitia mpango wa msaada uliokuwa na kliniki Nairobi, na wapo waliotoka Bonde la Ufa wakiwa wamehesabiwa miezi, wakarudi kulima. Lakini wanaendelea kumeza vidonge mwaka baada ya mwaka, na sababu ni ile ile: dawa huwafyeka watoto wa ugonjwa, shina hujificha kwenye uboho. Wafaransa walipojaribu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, kuwaachisha dawa watu ambao ugonjwa haukuonekana kabisa kwa zaidi ya miaka miwili, sita hivi kati ya kumi ugonjwa uliwarudia, wengi ndani ya miezi sita. Hao wanne waliobaki salama ni siri ambayo bado inachunguzwa.

Julai 2019 Bomet ilimpoteza Gavana wake, Joyce Laboso, aliyefariki kwa saratani baada ya matibabu ng'ambo. Mwezi huo Kenya nzima ilizungumza juu ya saratani, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umegonga nyumba za wakubwa. Walioahidi vituo walikuwa wengi. Silibwet haikuhitaji kushtuliwa. Imekuwa ikizika tangu kabla ya hesabu ya 1969.

Dawa ya kuua seli shina za saratani ya umio haipo leo Tenwek, haipo Nairobi, wala huko Toronto wazo lilikokulia. Kamera ipo, iodini ipo, na chupa ya iodini haimlazimu mtu kuuza ng'ombe. Ewe msomaji uliye kati ya Silibwet na Sotik, ikiwa nyama imeanza kukukwama, hata kama una miaka ishirini, hata kama maji bado yanaishusha, nenda ukapigwe kamera wiki hii, usingoje bonasi ya chai. Na kikombe cha asubuhi kiache kipoe kidogo.